Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa mgeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kabla wageni wa sikukuu hawajaanza kushuka stendi. Kila Desemba tunasikia matangazo ya usalama barabarani: mwendokasi, ulevi, kujaza abiria. Ni haki yasikike, maana aliyewahi kupanda Kitonga au kuteremka Mlima Nyoka kwenye mvua na ukungu, lori la Tunduma likiwa mbele yake, anajua tunachokiogopa. Lakini msafiri akishafika salama, akapokewa mizigo na kula akashiba, hakuna anayesema neno kuhusu chumba anachokwenda kulala. Wasiwasi wangu uko humo.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Morogoro wanakuja Mafinga, Makambako, Njombe na Makete na nguo nyepesi. Mvua ikinyesha jioni wanaanza kutetemeka, na mwenyeji kwa moyo mweupe anafanya alichoona wazazi wake wakifanya. Jiko lililotoka kuivisha maharage linabebwa likiwa jekundu, linawekwa kati ya kitanda na mlango. Dirisha linafungwa. Khanga inasokotwa na kuzibwa chini ya mlango ili baridi isipenye. Watoto wanalazwa humo humo, wanne kitanda kimoja, na mwenyeji anakwenda kulala akiamini wageni wake wamehudumiwa vizuri.

Mkaa unaoungua pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anaendelea kuvuta pumzi kama kawaida huku mwili wake ukinyimwa hewa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha miguu inalegea. Aliye macho anaweza kujikokota hadi mlangoni. Aliyelala hajui linalompata, na aliyelala baada ya ulanzi mwingi ndiyo kabisa. Watoto na wajawazito huathirika haraka zaidi.

Kinachonisikitisha ni jinsi tulivyojituliza kwa imani zisizo na msingi. Tunaambiana kwamba mkaa ukishakolea hauna madhara, ubaya ni ule moshi wa mwanzo. Moshi angalau unawasha macho, mtu anakohoa na kutoka nje. Mkaa uliokolea haumwamshi mtu. Wengine huweka beseni la maji pembeni ya jiko wakidhani maji yatainyonya sumu. Hayainyonyi. Na mtu akikutwa amezimia, wa kwanza kufika anakimbilia maziwa. Maziwa hayaiondoi gesi hii kwenye damu, na kumnywesha mtu asiye na fahamu ni kumpalia. Fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, mkimbize hospitali apewe oksijeni, na kila aliyelala chumba kile apimwe hata kama anasema ni mzima. Nyumba nzima ikiamka na maumivu ya kichwa asubuhi ya Krismasi, tusiseme ni uchovu wa safari.

Najua tunahimizwa kuachana na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa dhati. Ila sikukuu hii wengi wetu bado tutapikia mkaa, na hata mwenye mtungi wa gesi hutoa jiko la mkaa pilau inapokuwa ya watu thelathini. Basi lipikie nje au barazani, na likimaliza kazi libaki huko huko, lizimwe.

Nao watoto wetu wanaungua majikoni. Sikukuu inaijaza nyumba watoto wasioijua: hawajui kwamba kwa shangazi chai inateremshwa kwenye sakafu ya korido, na karai la mafuta ya maandazi liko nyuma tu ya pazia. Wanaingia mbio wakikimbizana, na mpishi amegeuka kuchukua unga. Watengewe mahali pa kuchezea, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaangalia, si kuwaangalia huku akimenya vitunguu. Akiungua, usipake dawa ya mswaki, ute wa yai wala asali. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya bomba kwa dakika 20, bila barafu, na kwa baridi yetu hii mfunike sehemu nyingine ya mwili asipoe mno. Malengelenge yasitumbuliwe, nguo iliyogandia isibanduliwe. Kisha hospitali.

Kuhusu bodaboda nitasema moja tu: mishikaki ya watoto watatu waliovalishwa nguo mpya, bila kofia hata moja, wazazi tuikatae wenyewe bila kungoja askari.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye nyumba za kulala wageni. Baadhi yenu mgeni akilalamika baridi mnampelekea jiko chumbani, na inahesabiwa kuwa ni huduma nzuri. Mpeni blanketi la pili, au maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo. Wachungaji, mapadri na masheikh, pamoja na wenyeviti wa mitaa, naomba tangazo hili lisomwe Jumapili na Ijumaa zilizobaki kabla ya sikukuu, kwa Kiswahili, na kwa Kihehe, Kibena au Kikinga pale penye bibi na babu, maana wao ndio wenye nyumba wageni wanazofikia. Na nyumba ikishika moto, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe ukutani, mahali ambapo hata mgeni ataiona.

Msomaji wako,
Mama wa Mafinga, Mufindi