Orodha ya maneno haimfungi mchochezi

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia Kenya, hoja ni ile ile: maneno gani yapigwe marufuku. Mwaka 2022 tume ya uwiano, NCIC, ilitoa orodha yake, "madoadoa" likiwamo. Lakini chui naye ana madoadoa, na shati lililomwagikiwa chai pia. Neno hilo liligeuka sumu Bonde la Ufa kwa kuwa lilimlenga jirani asiye wa kabila la msemaji. Lizuie, kesho atasema "magugu". Redio RTLM ya Rwanda, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende tu.

Sheria ya uwiano ya 2008 haikuhitaji orodha. Ili kosa la uchochezi lithibitike, kifungu cha 13 kinataka maneno ya vitisho au matusi, pamoja na nia au uwezekano wa kuchochea chuki ya rangi, taifa au kabila. Adhabu hufika shilingi milioni 1, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Meno yapo.

Kesi huangukia kwenye ushahidi. Video ya simu inaletwa bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa. Hotuba ya lugha ya mama inaletwa bila mtaalamu wa kuthibitisha tafsiri. Hakimu afanyeje? Mpelelezi ahifadhi rekodi nzima, si sekunde 10 zilizosambaa mitandaoni, na aandike tarehe, mahali na hadhira ilikuwa ya nani. Orodha imsaidie polisi asiyejua lugha ya eneo alilopangiwa, basi.