YAH: GANDA LA KOMBORA MLILOLING'ARISHA BILA RIDHAA YANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta vitu viwili karakanani kwenu. Kwanza, jozi ya vyuma vya kisiginoni vya askari wapanda farasi wa Uingereza, vile vya kumchochea farasi, mvishonee mikanda mipya. Pili, ganda la shaba la kombora la Kifaransa la milimita 75 ambalo askari aliligeuza chombo cha maua. Hili mlitakiwa kulipima tu, mlichongee kigoda cha mninga. Kwenye fomu yenu niliandika kwa herufi kubwa: USISAFISHE. Nakala naambatisha.

Vyuma sina neno navyo. Mshono umetulia, na alama ya mshale ya jeshi la Uingereza bado inasomeka. Ganda ndilo mmeliharibu: fundi wenu amelipiga mashine ya polishi mpaka kitakoni.

Kitakoni paligongwa kiwandani "75 DE C", yaani mzinga wa 75 wa medani, na mwaka 1915. Ubavuni kuna majani ya mwaloni na maneno "VERDUN 1916", vyote vikizungukwa na vitone vya ncha ya msumari. Leo ukipitisha kidole huvihisi vitone, na mwaka wa kiwandani umefutika kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia maganda ya namna hii yalinakshiwa kwa wingi ili wauziwe waliokwenda kuzuru medani. Ule mwaka haukumaliza ubishi wa kama nakshi ni ya askari wa vitani au ya baadaye, lakini ulionyesha kwamba ganda lilikuwepo kabla ya mapigano ya Verdun, kule Ufaransa. Mkusanyaji yeyote hugeuza kitako kwanza. Akigeuza hili atakuta uso wake mwenyewe.

Dada wa mapokezi alisema nishukuru, limekuwa jipya na sikutozwa. Jipya ningelinunua Kariakoo!

Punguzo la asilimia 20 mlilonipa siliafiki. Nataka mnirudishie gharama yote ya kigoda, na mnilipe thamani iliyopotea kwa makadirio ya mthamini tutakayemkubali sote. Pia nirudishieni mikanda ya zamani, hata kama imekatika vipande. Matundu ya bizimu yaliyopanuka yanaonyesha askari alivyokuwa akiikaza kwenye buti. Tafadhali msiitupe.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja (jina na saini vimo kwenye fomu iliyoambatishwa)