Simulizi za Maji Maji zitoke makabatini

Mhariri,

Kila inapokaribia Februari 27, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji vya kupinga utawala wa Wajerumani (1905–1907), habari za vita hivyo huzagaa bila kutajwa zimetoka wapi. Götzen, gavana wa Kijerumani wa wakati huo, aliandika kitabu kuhusu vita hivyo. Kisomwe, ila kwa tahadhari, maana hapo mshtakiwa anajitetea. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000. Pengo hilo si la kupuuzwa!

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Simulizi hizo zichapwe kwa Kiswahili na ziwekwe katika maktaba za mikoa, Ruvuma na Lindi zikitangulia. Mwanafunzi wa sekondari atapata wapi nauli ya kwenda Berlin kupekua mafaili ya Wajerumani?

Mwalimu wa historia,
Songea