Heri ya Julai Mosi, huku na ng'ambo ya mto Akanyaru

Ndugu zangu wa Bujumbura, Gitega, Rumonge na popote mlipo, heri ya Sikukuu ya Uhuru wa Burundi yetu! Kiangazi kimetulia, maharagwe yameshavunwa, na vijana wa ngoma tunawasikia tangu jana wakijifua. Namshukuru Mungu katufikisha mwaka mwingine wa uhuru.

Siku hii kwetu ina baraka mbili. Julai 1, 1962 tulipata uhuru. Julai 1, 2007 tukawa wanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda vilevile, tarehe zote mbili. Mapacha gani wengine wamezaliwa mara mbili siku moja?

Wako wanaohofu kwamba nchi ndogo kama yetu itamezwa Shirikisho la Kisiasa likija, yaani nchi za Jumuiya zikiwa chini ya serikali moja. Mimi sina hofu hiyo. Kwenye Bunge la Jumuiya kule Arusha tuna wabunge 9, na Tanzania, pamoja na ukubwa wake, ina 9. Mei 2017 marais walipokubaliana tuanze na konfederesheni (muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake) kama hatua ya mpito, wataalamu wa katiba yake walikuja kuchukua maoni ya wananchi hapa kwetu kwanza, Januari 2020.

Kinachoniuma ni geti la mpaka wetu na Rwanda, pale Akanyaru. Mama yangu mdogo kaolewa upande wa Huye, Rwanda. Zamani alipanda basi asubuhi, akapita Kayanza, na jioni yuko uani kwetu anamenya ndizi, anacheka na kila jirani. Tangu mpaka ufungwe Januari 2024, hana budi kuzunguka Tanzania: mipaka ya Rusumo, Kabanga, ndipo Kobero huku kwetu. Safari ya mwisho alitufikia usiku wa pili, miguu imevimba, na mfuko wa unga aliotubebea umepasuka njiani. Alikaa mlangoni akikung'uta unga kwenye kitenge, hasemi neno.

Shirikisho nalitaka kwa moyo wote. Ila msiniambie habari za sarafu moja wala rais mmoja kabla ya geti lile. Wakubwa wetu wa pande mbili, tunawasihi, kaeni kitako mzungumze.

Mama mdogo, heri ya Julai Mosi na huko. Ndagala zako (dagaa) tumezianika, zimekauka vizuri. Tumekuwekea kikapu kizima.