Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayehamia Ujerumani: kilo 46 na wanaotaka kuzijaza

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Tiketi imeshakatwa na sebule ya mama imeanza kugeuka stoo. Kila anayepita kukuaga anaacha kitu: dagaa, sufuria, mashuka, na "haka kamzigo kadogo tu" ka kumpelekea mwanawe aliyeko Berlin. Mafunzo yako ya uuguzi yanaanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo utatua mwishoni mwa Septemba. Nakuandikia hadharani kwa sababu mko wengi mnaopita njia hiyo, na swali lenu ni moja: nibebe nini?

Usifungashe kwa ajili ya miaka mitatu ya mafunzo. Fungasha kwa ajili ya siku kumi za kwanza. Nafasi itakayobaki uvipe vitu ambavyo kule ni ghali au ni vya kutafuta. Mengine yote utayanunua ukishajua chumba chako kina nini.

Kwa nini siku kumi? Ujerumani maduka hufungwa Jumapili. Ukitua Jumamosi jioni, mpaka Jumatatu asubuhi hupati hata mche wa sabuni, isipokuwa sehemu chache kama stesheni kubwa na viwanja vya ndege, kwa bei yao. Tarehe 3 Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa, maduka yamefungwa vilevile. Kwa hiyo mkoba wa usiku wa kwanza uwe tayari: shuka moja, taulo, sabuni, mswaki, karatasi ya chooni, kikombe, kijiko, majani ya chai, sukari kidogo, na kitu kikavu cha kula. Usizike vitu hivi chini ya sanduku. Ukifika umechoka, hutaki kupekua kilo 23 gizani kutafuta shuka. Gizani ni gizani kweli, maana nyumba nyingi za kupanga kule hukabidhiwa bila taa, na nyingine hata bila jiko. Bweni la wanafunzi huwa na nafuu, ila uliza kabla.

Sasa tiketi. Angalia palipoandikwa mzigo. Ukiona 2PC maana yake ni masanduku mawili, na katika daraja la kawaida mara nyingi kila moja ni kilo 23. Ukiona 30K ni kilo 30 kwa jumla, ugawe upendavyo. Watu wengi hukwama kaunta hapo. Kwenye mfumo wa masanduku, kilo 26 huku na kilo 18 kule hazifidiani, japo jumla haijafika 46. Lile la 26 linatozwa. Likipita 32 mashirika mengi hayalipokei kabisa, hata ukilipa. Vipimo navyo vina kikomo: urefu, upana na kimo ukivijumlisha visizidi sentimita 158. Na kumbuka sanduku tupu la magurudumu linakula kilo tatu na nusu hadi tano kabla hujaweka chochote. Kama huna mizani ya kuning'iniza, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umelibeba sanduku, kisha upande mikono mitupu, utoe. Ishia kilo 22, maana mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazipatani.

Nyaraka hazina mjadala: zote, zile halisi, ziwe kwenye begi la mkononi. Pasipoti, mkataba wa mafunzo, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na tafsiri zake, karatasi ya bima, barua ya chumba, picha za pasipoti za milimita 35 kwa 45. Usilaminishe cheti chochote, kwa sababu karatasi iliyofunikwa plastiki haigongwi muhuri. Na tafuta kadi ya kliniki ya utotoni. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria yao inadai kila mfanyakazi wa hospitali aliyezaliwa baada ya 1970 aonyeshe kuwa ana kinga ya surua, nawe utakuwa wodini. Kadi ikiwa imepotea, chanja upya hapa na upewe kadi mpya, usisubiri kule wakuzuie kuanza. Ukifika, una wiki mbili za kujiandikisha makazi, kazi inayoitwa Anmeldung, na ofisi itataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Akaunti ya benki na mambo mengine mengi huanzia hapo.

Mizigo ya watu: hapa utakuwa na aibu, nami nakuomba uache aibu. Usipokee kitu kilichoshonwa, kilichobandikwa gundi, au chupa iliyokwisha kufunguliwa. Anayetaka umpelekee mwanawe kitu akilete wazi, ukipange wewe mwenyewe, kipande kwa kipande. Shangazi akinuna, atanuna wiki moja. Forodhani anayeulizwa ni wewe, kwa sababu ulisema sanduku ni lako.

Chakula kina sheria kali, tena ni za Umoja wa Ulaya mzima. Nyama na maziwa havipiti hata kidogo. Hapo imo sambusa ya nyama, soseji, samli, jibini na maziwa ya unga ya chai. Matunda na mboga mbichi vinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa vitu vitano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe la bibi, basi, lile hapahapa. Mbegu za mchicha za kupanda nazo zinadai cheti. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa ni halali yako.

Lakini dagaa wanaofungwa vibaya wataharibu kila nguo uliyonayo. Chukua nusu kilo, wa Kigoma ikiwezekana, toa vichwa, chambua mchanga. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimbana mmoja kwa vidole anavunjika badala ya kupinda. Watandaze kwenye sinia, uwaache wapoe kabisa, saa mbili au tatu, usiwaharakishe. Wakifungwa wakiwa na uvuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya kopo, na kabla ya wiki kwisha wameota ukungu. Wakishapoa, tia kwenye kopo la mfuniko wa kubana, zungushia utepe wa gundi kwenye ukingo, funga ndani ya mfuko mwingine, kisha weka kwenye sanduku lisilo na sare zako. Ofisa akiuliza, neno lao ni Trockenfisch, yaani samaki mkavu. Litaje bila kigugumizi.

Unga wa sembe, mchele na tui la kopo viache. Maduka ya Kituruki na yale wanayoyaita Afroshop yanavyo, na bizari nyembamba, iliki na mdalasini utavikuta hukohuko. Beba viungo vya pilau vilivyosagwa kwa mkono wa mama, gramu 200 zinatosha, na ubuyu wa kutafuna ukiwa na huzuni. Mbuzi ya nazi ibaki. Nayajua mapenzi yake, ila ni mzigo wa bure mahali ambapo nazi mbichi utainunua mara mbili kwa mwaka.

Na sufuria! Seti ya sufuria uliyopewa na akina mama wa mtaa ni ya aluminiamu. Majiko mengi ya kule ni kioo bapa, na baadhi yake hupasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Jiko la aina hiyo halioni aluminiamu. Utaweka maji, utawasha, litapiga mlio na kuzima. Jaribio lake ni rahisi: bandika sumaku ya mlango wa friji kwenye kitako cha sufuria. Isiposhika, sufuria hiyo haitapika kwenye jiko hilo. Hata pale ambapo jiko ni la kioo la kawaida, kitako cha mviringo kinagusa katikati tu, ugali unaungua hapo na pembeni ni mbichi. Beba mwiko, huo hauna uzito wala mbadala mzuri.

Umeme wao ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo usinunue transfoma. Tofauti ni umbo la plagi: yetu ina meno matatu bapa, yao mawili ya mviringo. Nunua adapta moja nzuri na ubebe ekstensheni moja ya nyumbani. Hivyo adapta moja inalisha vitu vinne. Angalia tu kwamba adapta ina vibati vya shaba ubavuni. Hivyo ndivyo vinavyounganisha waya wa ardhi. Zile nyembamba za bei rahisi hazina, ni za chaja ya simu tu, si za birika wala pasi. Pasi na birika vyenyewe uviache. Pawabanki iwe mkononi, kamwe isiingie kwenye sanduku la chini ya ndege. Mashirika hupima umeme inaoweza kutunza kwa Wh: ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, na kikomo cha kawaida ni Wh 100.

Matandiko yetu hayaendani na yao. Kitanda cha mtu mmoja ni sentimita 90 kwa 200, na mto wao ni mraba wa 80 kwa 80, foronya zetu hazivai. Shuka moja bapa linatosha kuanzia. Doti mbili za kanga, kwa upande mwingine, zina kazi kila siku: pazia la muda, taulo, shuka la kujifunika kwenye basi, na njiani zinafunga vitu vya kuvunjika.

Nywele ziwekee bajeti ya uzito. Kusuka kule ni pesa ndefu, na msusi anaweza kuwa mji wa pili. Pakiti nane za rasta hazifiki uzito wa jozi moja ya viatu. Ongeza kitana cha meno mapana na mafuta ya nazi nusu lita. Chupa yoyote ya mafuta ifungue, tandika kipande cha nailoni mdomoni, rudishia kizibo, kisha tia utepe. Angani mgandamizo hushuka, hewa iliyo chupani inatanuka na kusukuma mafuta nje. Chupa laini iminye hewa itoke kabla ya kufunga.

Koti zito la baridi usihangaike nalo sasa. Nenda soko la mitumba la Karume, tafuta jaketi moja la mvua lenye kofia na zipu inayopanda mpaka kidevuni, na sweta moja. Jaketi livae ndani ya ndege. Viatu vya theluji utanunua Novemba.

Dawa zako ziwe kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari, zisizidi za miezi mitatu. Miwani tengeneza jozi mbili hapa. Na homa ikikushika katika miezi hiyo ya mwanzo, neno la kwanza mbele ya daktari liwe "malaria", na useme umetoka Tanzania. Daktari wa kule anaweza kudhani ni mafua.

Ukipanga, vitu vizito vikae upande wa magurudumu, soksi ndani ya viatu. Gawa nguo kwenye masanduku yote mawili ili moja likichelewa usibaki na ulichovaa. Piga picha ya kila sanduku likiwa wazi, na likiwa limefungwa. Likikosekana, usitoke ukumbini kabla ya kuandikisha. Likivunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi.

Vitakavyobaki vitie kwenye ndoo moja yenye mfuniko, chumbani kwa mama, na orodha yake juu. Mwenzako atakayekufuata huko Aprili atapita kuchukua, na atavifungua kimoja kimoja mbele ya mama.

Dada yako