Mwanangu, karani asikuchagulie kabila

Mwanangu,

Voisi noti yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na babako nikamsikilizisha pia, akacheka kisha akanyamaza. Yani umetoka nyumbani baada ya alfajiri kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, na cheti chako cha kuzaliwa, fotokopi za vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, umekaa kwenye laini mpaka jua la utosi, umefika mezani ofisa akakuuliza kabila, ukamwambia Mswahili, naye akakwambia hilo si kabila, sema Mdigo ama sema Mwarabu tumalize kuna watu nyuma. Ukachukua makaratasi yako ukarudi. Sasa wataka shangazi akwambie Jumatatu ujibu nini. Nakujibu hapa hadharani manake si wewe peke yako, vijana wa pwani yetu yote, wa Kibokoni, wa Majengo, wa Lamu mpaka Vanga wanaulizwa haya haya na kila mmoja anadhani ni bahati yake mbaya.

Kwanza ile fomu yenyewe. Sheria ya usajili wa watu, ile sura ya 107 ya sheria za Kenya, imetaja mambo ambayo serikali inaandika juu yako, jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mahali ulipozaliwa, kazi, alama za vidole, na katikati hapo kuna kabila ama asili yako kama ulivyoitaja mwenyewe. Mwenyewe. Kazi ya ofisa ni kuandika, hakuna mahali amepewa mamlaka ya kupunguza orodha ikabaki mambo mawili. Na tena kadi ukishaipata igeuze mbele na nyuma, kabila hutaliona. Linabaki kule ndani kwa faili na kwa kompyuta zao. Hiyo ndo inaniudhi zaidi, jambo lisilokuwa kwenye kadi ndilo lililokuzuia kupata kadi.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko Kenya. Mwingereza alitunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha, ilipoanza kufanya kazi baada ya vita kila mwanamume Mwafrika ilibidi atembee na kipande, karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na maandishi ya mwajiri, imetiwa ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mzungu kukutilia sahihi wewe ni mtoro na utashikwa. Kabila liliandikwa ili ijulikane ukitoroka utafutwe kwa chifu gani. Mwaka 1947 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, wazungu wakapiga kelele ati vidole vyao vitiwe wino kama vya boi wao wa jikoni! Kipande kikaondoka, uhuru ukaja, swali la kabila likabaki pale pale. Hata wanawake hatukuwa na vitambulisho mpaka miaka ya sabini inakwisha, bi mkubwa wetu alizaa watoto wote na serikali haijamtambua kwa karatasi, yeye alikuwa mke wa fulani basi.

Sasa njoo kwetu nyumbani. Mimi na babako na ami yako mkubwa ni baba mmoja mama mmoja, hilo wewe wajua, ila kule kwa faili la serikali sisi ni watu wa mataifa matatu. Ami yako alijaziwa fomu na mzee aliyemjua babu yetu akamwandika Mbajuni, sawa, upande wa babu ni Faza huko visiwani Lamu. Babako alikwenda miaka ya baadaye na lile jina letu refu lenye "bin", karani akamwangalia rangi, akaangalia jina, akaandika Mwarabu bila kuuliza. Mimi niliulizwa, nikasema Mswahili, nikaandikwa Mswahili, sikubishiwa na mtu, manake siku ile yule mama aliyekuwa mezani alikuwa wa huku huku. Ndugu watatu, meza tatu. Halafu babako alipokwenda kutafuta paspoti ya kwenda Hija, ule Uarabu wa karani ndo uliomponza, akaambiwa alete makaratasi ya babu, cheti cha kuzaliwa cha babu aliyezaliwa wakati hakuna aliyekuwa akiandika kuzaliwa kwa mtu huko visiwani, akapigwa msasa, yani kuhojiwa kama kweli ni Mkenya, na kamati ya wazee mmoja wao alikuwa mdogo kuliko yeye kwa umri. Kwa hiyo ukimwambia ofisa "andika Mwarabu tumalize", jua hujamaliza, ndo umeanza.

Na wala usidhani haya ni mapya kwa watu wetu. Wakoloni waligawa watu mafungu, wenyeji huku na wasio wenyeji huku, na fungu ndilo lililoamua kodi utakayolipa, wadi utakayolazwa, hata chakula utakachopewa ukifungwa jela. Mwarabu aliwekwa kwa wasio wenyeji, Mswahili kwa wenyeji. Thenashara Taifa wa Mombasa, zile koo kumi na mbili za Waswahili, yani Tisa Taifa, kina Mvita, Jomvu, Pate, Faza na wenzao, pamoja na wale Tatu Taifa wa Kilindini, Tangana na Changamwe, watu wenye mashehe wao na mikataba yao na masultani tangu zamani, wakajikuta wanapangwa na karani aliyeshuka melini juzi. Miaka ya ishirini Waarabu wakapata kiti cha kupigiwa kura kwenye baraza la kutunga sheria, Thenashara Taifa wakaambiwa nyinyi si Waarabu hampigi. Wakaunda chama chao mwaka 1927, wakiita Afro-Asian, wakaandika barua juu ya barua kwa serikali wakitaka watolewe fungu la wenyeji. Watu wa leo wanawacheka ati walikuwa wanaukimbia Uafrika, na kweli wengine walikuwa na dharau yao, siwezi kuwasafisha wote, lakini mtu ukimwambia kwamba jibu hili litakupa kodi hii na jibu lile kodi ile, kisha ukashangaa anabadilisha jibu, nani mjinga hapo?

Unguja na Pemba ilikuwa hivyo hivyo na hata zaidi. Kwenye sensa ya 1924 watu zaidi ya elfu thelathini walijiandikisha Waswahili. Sensa iliyofuata, 1931, wamebaki kama elfu mbili. Hakukuwa na tauni wala vita. Utumwa ulifutwa huko 1897, waliokuwa watumwa wengi walijiita Waswahili ili wawe watu wa mji kama wengine, jina likaanza kunuka utumwa, basi watu wakahamia majina mengine, Ushirazi na Uhadimu na kwengineko. Halafu vita vya pili vikaja na mgao wa chakula ukagawanywa kwa fungu la asili, huyu mchele, huyu mahindi, hapo ndo utajua mtu anaweza kuwa na asili gani akiwa na njaa ya wali.

Na hapa kwetu angalia namba. Sensa ya 2009 Waswahili Kenya walihesabiwa laki moja na kitu. Ya 2019 wakawa elfu hamsini na sita hivi. Mwanangu, wewe umekaa Mombasa miaka yote hiyo, umeona nusu ya watu wetu wamekwenda wapi? Harusi zimepungua? Ama walijibu jengine ama waliandikwa jengine, hakuna njia ya tatu. Na hizo namba si mchezo, mtu akitaka kuuliza mbona Waswahili hawaandikwi kazi kaunti, mbona ardhi zao hazina hati, anajibiwa kwani nyinyi ni wangapi.

Kuna watu watakwambia wee acha mambo ya kabila, sema mimi ni Mkenya tu. Mwaka 2009, baada ya ile damu ya uchaguzi ya 2007 na 2008, watu laki sita na ushei walimjibu karani wa sensa hivyo, Mkenya basi, na waliandikwa hivyo. Nawaheshimu. Lakini hilo ni jibu la mtu ambaye Ukenya wake haujawahi kuulizwa. Wa bara mwenye jina la bara akisema mimi ni Mkenya tu atapigiwa makofi, wewe na baibui lako na jina la babako ukisema hivyo pale mezani utaulizwa Mkenya wa wapi. Muulize rafiki yako Mnubi wa Kibra. Wanubi waliletwa na jeshi la Mwingereza zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa sensa walikuwa wanatupwa kwa kapu la "wengineo" mpaka 2009 ndo wakapewa namba yao, na mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ikasema wazi kwamba watoto wao wanabaguliwa kwa vile mtoto wa Kinubi hana uhakika wa uraia mpaka afike miaka kumi na nane apigwe msasa. Wasomali nao mwaka 1989 waliamriwa wajipange wahojiwe, waliopita wakapewa kadi ya ziada ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho! Rais Ruto alitangaza mwaka 2025 huko Wajir kwamba msasa wa ziada umefutwa. Vizuri. Lakini tangazo la rais na ofisa wa laini yako ni watu wawili tofauti, umejionea.

Jambo jengine linalonikera, na hapa nitasema langu, ni hii habari ya kupewa kabila kama zawadi. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa Kwale tangu miaka ya thelathini, wajukuu wao wamezaliwa hapa, hawana kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Wakapata, Alhamdulillahi. Lakini ikasemwaje? Ati wamekuwa kabila la arubaini na tatu. Mwaka uliofuata Wahindi wakawa la arubaini na nne. Hiyo arubaini na mbili inayoongezwa ongezwa imetoka kwa orodha ya sensa ya 1969, karani aliorodhesha akafika hapo, na sai orodha ya sensa ina majina zaidi ya mia, ila ile arubaini na mbili imekuwa kama aya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja mpaka 2023, wavuvi watu wazima ambao walikuwa hawawezi kukata leseni ya kuvua, hawawezi kusajili laini ya simu, M-Pesa anaiweka kwa jina la jirani, samaki akiuzwa pesa zinaingia kwa mtu mwengine. Shida yao haikuwa kukosa kabila. Kabila walikuwa nalo, tena la kisiwa chenye jina lao. Walikosa uraia, na serikali ikaona njia nyepesi ya kuwapa uraia ni kuwaandika kwenye orodha ya makabila, ndo maana na wewe pale mezani unatafutiwa mlango wa kuingilia wakati uko ndani tangu kuzaliwa.

Nisikuambie habari za Rwanda, unazijua. Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi, Mtwa kwenye vitambulisho miaka ya thelathini na mwaka 1994 watu wakaulizwa vitambulisho hivyo barabarani. Kwetu haijafika huko inshallah haifiki, ila kila nikiona fomu yenye swali hilo mwili unanisisimka kidogo. Ningekuwa mimi ndo bunge ningelifuta. Sensa iulize ikitaka, sensa haiwekwi pamoja na alama za vidole vyako.

Haya, Jumatatu. Usiende Mdigo. Wadigo ni wakwe zetu na ni majirani zetu, lakini utaulizwa mbari na kijiji na mzee wa kaya, utababaika mbele za watu bure. Usiende Mwarabu, uliona ya babako. Sema Mswahili, ukiulizwa ukoo sema Mfaza, ni kweli na ni taifa katika Tisa Taifa. Akikwambia haimo kwenye kompyuta mwambie kwa adabu Waswahili wamehesabiwa kwa sensa na namba yao ipo, amuulize mkubwa wake. Usipandishe sauti, atafurahi upandishe sauti. Kabla hujatia sahihi wala kidole soma alichoandika, neno kwa neno, hata kama watu nyuma wanaguna, manake kurekebisha baadaye ni haki yako kwa ile sheria ya data ya 2019, imeiweka asili ya mtu kwenye data nyeti na imekupa haki ya kusahihisha iliyo kosa, lakini haki ya kusahihisha Kenya wewe wajua inataka viatu vya akiba.

Cheti cha kuzaliwa cha babako kibebe halisi na fotokopi mbili, na barua ya chifu angalia ina muhuri, ile ya kwanza muhuri ulikuwa umefifia hata mimi niliuona kwa picha. Nitakuja nawe. Nitakaa nje kwenye kivuli na yule mama wa mahamri, akikusumbua nipigie nitaingia. Akikupa kile kikaratasi cha kungojea kadi usikikunje, na kabla ya kitu chochote kipige picha umtumie babako, yeye ndo hajalala tangu ile voisi noti.

Shangazi yako