Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: mlango wa malipo usifunguliwe kwa kujuana

Mheshimiwa Gavana,

YAH: MASHARTI YA KUUNGANISHA MIFUMO YA BIASHARA NA WATOA HUDUMA ZA MALIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msanidi programu hapa Dar es Salaam. Nafanya kazi na wenzangu watatu, na kwa miaka tisa sasa tumekuwa tukiandika mifumo ya maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo. Nakuandikia hadharani, badala ya kupeleka barua masjala, kwa sababu jambo hili linawagusa wafanyabiashara wengi ambao hawajawahi kulisikia likitajwa. Naomba Benki Kuu iweke kanuni itakayomtaka kila mtoa huduma za malipo mwenye leseni kuchapisha kiolesura chake cha programu, yaani mlango ambao mfumo mmoja hupitia kuzungumza na mwingine, na kuufungua kwa masharti yaliyo wazi na yaliyo sawa kwa kila mwombaji anayekidhi vigezo.

Sisi wa kazi hii mlango huo tunauita API, jina ambalo kwa mwenye duka halina maana yoyote, kwa hiyo naomba nianze na duka.

Mteja wetu mmoja anauza vipuri vya pikipiki kwa jumla Kariakoo. Kabla mfumo wake haujaunganishwa, malipo ya lipa namba yalikuwa yakiingia kwenye simu ndogo iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mhasibu. Mzigo haukutoka stoo mpaka mhasibu asome meseji, alinganishe jina na kiasi, aandike kwenye daftari la kaunta, kisha amwite kijana wa stoo. Saa mbili usiku unamkuta bado anasaka shilingi 38,000 ambazo zimo kwenye simu lakini hazimo kwenye daftari. Mara mbili mzigo uliondoka kwa meseji ya kughushi, iliyoigizwa vizuri mpaka nukta zake. Leo muamala ukikamilika, mtoa huduma hutuma taarifa kwenye seva ya duka ndani ya sekunde chache, ankara inajifunga, hesabu ya stoo inapungua, na kijana anaona kwenye simu yake kwamba boksi sita za minyororo zitoke. Mnunuzi wa Mbeya anaagiza na kulipa akiwa dukani kwake, na mzigo unapanda basi la alfajiri. Bidhaa ni ile ile na mtaji ni ule ule. Mistari mia kadhaa ya programu ndiyo iliyoliwezesha duka hilo kuuza mikoani bila kufungua tawi hata moja.

Biashara za nchi hii zimefika hapo hatua kwa hatua. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, na kwa miaka mingi ilikuwa fedha ya mtu kumtumia mtu. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za simu za Tanzania zilikubaliana wateja wao watumiane fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kufikia 2016 mitandao mikubwa yote ilikuwa imeingia katika utaratibu huo, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado hazijalifikia. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua kwa wasanidi wa Kenya kiolesura ilichokiita Daraja. Kabla ya hapo, baadhi ya wasanidi waliotaka mifumo yao ijue kwamba mteja amelipa waliweka simu pembeni ya kompyuta na kuandika programu ya kusoma meseji zinazoingia. Huku kwetu nami nimewahi kuandika programu ya namna hiyo, na najua jinsi inavyoharibika siku kampuni inapoongeza neno moja katika meseji zake.

Serikali yetu imethibitisha kwamba mlango mmoja ulio sawa kwa wote unawezekana. Tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG wa Wizara ya Fedha umezipa taasisi za umma utaratibu mmoja wa kukusanya malipo. Mwananchi anapewa kontroo namba yenye tarakimu 12, inayoanza na 99, na anailipia benki au kwa simu, iwe ni ankara ya maji, faini ya barabarani au ada ya leseni. Mfumo wa taasisi ndogo ya wilayani unaiomba namba hiyo kwa njia ile ile inayotumiwa na taasisi kubwa. Benki Kuu nayo imejenga TIPS, inayowaunganisha watoa huduma za malipo wao kwa wao, na kwa hilo nakupongeza kwa dhati, kwa kuwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kilichobaki ni ule upande wa mwenye biashara. Fedha zinavuka mitandao bila shida, lakini taarifa ya kwamba zimefika, ile inayoufanya mfumo wa duka, shule au chama ujue la kufanya, bado inategemea makubaliano na mtoa huduma mmoja mmoja, na kila mmoja ana fomu zake, lugha yake ya kiufundi na kasi yake.

Nieleze yaliyotukuta. Mwaka juzi tuliomba kuunganisha mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo na mtoa huduma mmoja, ambaye simtaji kwa sababu sikusudii kumshtaki mtu. Tulipeleka cheti cha usajili, TIN, leseni ya biashara, barua ya chama na muhtasari wa kikao cha bodi. Tukaambiwa nyaraka za kiufundi hutolewa baada ya kusaini mkataba, ikamaanisha kwamba tulitakiwa kumtajia mteja bei ya kazi ambayo hatujaiona. Tuliposaini tulitumiwa faili lenye kurasa 19, lililopigwa mhuri wa siri, na mifano mitatu kati ya iliyomo humo ilikuwa ya toleo lililokwisha kuachwa. Mazingira ya majaribio, yaani mahali pa kuujaribu mfumo bila fedha halisi, yalifunguliwa katika mwezi wa nne wa kusubiri. Kwa muda wote huo jibu lilikuwa kwamba suala letu liko kwa timu ya ufundi, na timu hiyo haikuwa na anwani ambayo mtu wa nje angeweza kuiandikia. Kazi yetu upande wetu ilituchukua siku 11. Kuunganishwa kulichukua miezi saba. Wakati huo huo, kijana niliyewahi kumfundisha kazi, mwenye kampuni changa kuliko yetu, alifunguliwa mlango huo huo ndani ya wiki tatu kwa kuwa alisoma chuo na mtu wa ndani. Simlaumu, maana hata mimi ningempigia simu mtu huyo kama ningekuwa na namba yake. Ninachosema ni kwamba leseni ya kutoa huduma za malipo inatolewa na umma kwa manufaa ya umma, na haipaswi kutumika kwa namna ambayo biashara ya mtu inategemea nani alikaa naye bweni moja.

Mlango ukishafunguliwa, hatari ya pili ni kubadilishwa bila taarifa. Januari mwaka jana, usiku wa Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, mtoa huduma mwingine alibadilisha jina la sehemu moja katika taarifa ya uthibitisho inayokwenda kwenye mifumo ya wateja wake, ile inayobeba namba ya mwanafunzi. Hatukupata barua pepe wala meseji. Fedha ziliendelea kupokelewa kama kawaida, ila mfumo wa shule, kwa kuwa haukuitambua sehemu hiyo mpya, ukaziweka zote kwenye fungu la malipo yasiyo na mwenyewe. Jumatatu saa moja asubuhi mhasibu alinipigia, na nilipofika nilikuta wazazi wamejaa mlangoni kwake. Mama mmoja alinipa simu yake nisome: alikuwa amelipa shilingi 450,000 Jumapili saa tatu usiku, na kwenye kompyuta ya mhasibu mwanawe alikuwa bado anadaiwa shilingi 450,000. Binti mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tranka lake nje ya bweni, akisubiri kuruhusiwa kuingia. Marekebisho yalikuwa ya neno moja na hayakumaliza dakika kumi. Kuligundua neno hilo kulituchukua saa nne, kwa sababu namba ya msaada tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kitengo cha masoko.

Haya hayatukuti sisi peke yetu. Januari 2023 Twitter ilizikatia njia programu za nje ambazo watu walizitumia kusoma mtandao huo, na waliozitengeneza walianza kuuliza kulikoni baada ya programu zao kuzimika. Mwaka huo huo Reddit ilitangaza bei mpya za kiolesura chake, na programu ya Apollo, iliyokuwa ikitegemea kiolesura hicho, ikafungwa tarehe 30 Juni. Hiyo ni mitandao ya mazungumzo. Mlango wa malipo ukifungwa namna hiyo, kinachosimama ni ada, mishahara na mzigo ulio njiani.

Nchi zilizoliona hili zimelichukulia kuwa kazi ya msimamizi. Brazil ilipozindua Pix, mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, Novemba 2020, Benki Kuu yake iliilazimisha kila taasisi yenye akaunti hai zaidi ya 500,000 kushiriki, na ikaweka hadharani maelezo ya kiolesura kinachotumiwa na wafanyabiashara, kiasi kwamba msanidi yeyote anaweza kuyasoma usiku huu akiwa Tandika bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa kuwa maelezo hayo ni ya aina moja kwa watoa huduma wote, duka linaloamua kuhama benki haliandiki mfumo wake upya, na benki inajua kwamba mteja anaweza kuhama. Uingereza nayo, kwa amri ya mamlaka yake ya ushindani ya mwaka 2017, ilizitaka benki 9 kubwa zifungue violesura vya kiwango kimoja kuanzia Januari 2018, na takwimu zinazoonyesha violesura hivyo vinapatikana kwa kiasi gani huchapishwa hadharani. Napenda sana jambo hili la mwisho, kwa sababu halihitaji mkaguzi wala faini ili lianze kufanya kazi, anayelala anaonekana.

Najua hoja zitakazoletwa mezani kwako, na baadhi ni za kweli. Kwanza ni usalama. Mlango wa fedha hauwezi kufunguliwa kwa kila apitaye, na siombi hivyo. Aliyeomba kupokea taarifa za malipo yake mwenyewe apimwe kwa kipimo kimoja, na aliyeomba kutoa fedha kwenye akaunti za watu apimwe kwa kipimo kikali zaidi, na taarifa za wateja zilindwe kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kuificha nyaraka ya kiufundi si ulinzi. Kinachomzuia mwizi ni funguo, usimbaji fiche wa taarifa na ukaguzi, na mfumo ambao usalama wake unategemea kurasa 19 zisionekane tayari uko hatarini. Hoja ya pili ni gharama, nayo inajibika kwa kuruhusu mtoa huduma kutoza, mradi bei yake iwe imechapishwa na iwe moja kwa wote. Zipo pia kampuni za kati, zinazojiunganisha na watoa huduma wengi kisha kutuuzia sisi njia moja. Zinafanya kazi halali na tunazitumia. Ila duka dogo linapolazimika kumlipa mtu wa kati kwenye kila muamala kwa sababu tu mlango wa mbele haujibu hodi, gharama hiyo inaishia kwenye bei ya mnyororo wa pikipiki.

Kwa hiyo, chini ya mamlaka uliyopewa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, naomba kanuni iseme kwamba nyaraka za kiolesura zisomwe na yeyote kabla ya mkataba. Kwamba mazingira ya majaribio, yasiyo na fedha halisi, yafunguliwe siku ile ile mtu anapojiandikisha. Na kwamba ombi lililokamilika lijibiwe ndani ya siku 30 za kazi, na likikataliwa sababu zitolewe kwa maandishi. Badiliko lolote linaloweza kuvunja mfumo wa mteja litangazwe siku 90 kabla, na lisiwekwe katika wiki za kufungua shule wala mwisho wa mwezi. Upatikanaji wa kila kiolesura uchapishwe kila mwezi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tena liwepo dawati moja pale Benki Kuu ambalo msanidi wa Sumbawanga anaweza kuliandikia akapewa namba ya shauri lake. Kama muda hautoshi kwa yote haya, anza na nyaraka na taarifa ya siku 90. Hizo peke yake zingeniokoa ile Jumatatu.

Faili la mawasiliano yetu ya miezi saba ninalo, likiwa limepangwa kwa tarehe na majina yamefichwa, na niko tayari kulileta Dodoma au Dar es Salaam mbele ya wataalamu wako siku yoyote nitakayoitwa. Chama kile cha akiba na mikopo bado kinasubiri kuunganishwa na mtoa huduma wa pili, ambaye ndiye anayetumiwa na zaidi ya nusu ya wanachama wake, wengi wao akina mama wa sokoni ambao kila Ijumaa hufunga meza mapema ili wakapange foleni ya kurejesha mkopo kwa fedha taslimu. Mkutano mkuu wao ni Machi. Katibu ameshaniuliza aandike nini kwenye ajenda, nami nimemwomba aache mstari mmoja wazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msanidi programu,
Dar es Salaam